Aliyemimina Maji

Ukungu wa Alhamisi ile ulikuwa mzito hata Winifrida Ulimboka, aliposhuka kwenye treni Queensbury, kitongoji cha London, aliusikia mji kabla ya kuuona. Basi lilinguruma likapita, lisionekane. Mtoto alicheka mahali fulani. Mama huyu wa miaka arobaini na sita, aliyekuwa askari wa upelelezi Mbeya kwa miaka saba na sasa anawatafutia mawakili wa London watu wasiotaka kutafutwa, alisimama kwenye ngazi akajiuliza kama ameamka kweli. Alikuwa amelala kidogo sana, na usingizi wote aliota kitu kimoja: shati jeupe kwenye kamba, linadondosha maji, na kila akilikaribia kamba inasogea mbele.

Shati lenyewe lilikuwepo, msomaji wangu, si la ndotoni tu. Lilikuwa kwenye orodha ya polisi kule Marekani, katika jimbo moja la kusini ambalo jina lake tuliache lilivyo. Winifrida aliijua orodha ile kwa moyo kama sala. *Shati moja, mikono imelowa hadi viwikoni. Linanuka dawa ya kabatini, ile ya kufukuza nondo kwenye nguo. Mfukoni, vipande vitatu virefu vya kitambaa cheupe.*

Mwenye shati aliitwa Cosmas Telesphor, mtu wa Bukoba. Jioni moja ya Novemba 1996, mlinzi wa ghala alipigwa kichwani saa kumi na moja, akafa. Saa moja usiku Cosmas akakamatwa mtaa wa pili, anatembea kwa miguu na mikono ya shati inachuruzika. Mwendesha mashtaka akaliambia baraza la wazee kumi na wawili: huyu ametoka kufua damu. Cosmas akajibu neno moja tu, na hilo hakuliongeza wala kulipunguza: "Nilikuwa na Malek. Mwulizeni Malek." Wakili aliyepewa bure na jimbo hakunyanyua hata simu kumtafuta huyo Malek. Basi, kifungo cha maisha.

Miaka kumi na mitatu ikapita. Mahakama za jimbo zilimkatalia ngazi moja baada ya nyingine, mpaka akajitokeza mama mmoja mwanasheria, Jane, akalipeleka jambo mahakama ya shirikisho kwa lile ombi ambalo mawakili huliita hebiasi kopasi: mleteni mfungwa, mtueleze mnamshikilia kwa haki gani. Mahakama ile haisikilizi kesi upya. Inaikagua hukumu ya jimbo kwa jicho la katiba, na mlango wake ni mwembamba. Jimbo lilijibu kwa kiburi kwamba ombi limechelewa, na kwamba Malek hayupo, ni mtu wa kutungwa. Jaji akasema haya, leteni ushahidi mpya wa kuaminika kabla ya Ijumaa kufunga ofisi, la sivyo nafunga jalada.

Ijumaa ilikuwa kesho.

Winifrida alikuwa na vitu viwili mkobani. Cha kwanza, kadi kumi na mbili za Krismasi, ambazo Cosmas alizipokea gerezani mwaka baada ya mwaka, hazina jina, zina stempu za London. Wiki iliyopita zilimpeleka kwa Malek mmoja wa Walthamstow, Mkongomani muuza simu, aliyemwangalia kwa huruma akasema, "Malek ndiye mimi, mama, lakini Marekani naiona kwenye televisheni." Lakini bahasha ya mwaka 2004 ilikuwa na muhuri hafifu wa duka la vitambaa la Queensbury, na aliugundua jana tu, kwa kuigeuzageuza kwenye taa.

Cha pili ni barua. Cosmas aliiandika Machi 1998, ikarudi kwa sababu aliyeandikiwa amehama, na tangu hapo haijafunguliwa. Muhuri wa ukaguzi wa gereza ulikuwa umepigwa juu ya mfuniko, nusu huku nusu kule. Juu imeandikwa kwa Kiswahili: *Kwa Mama wa Marehemu, kwa mkono wa Malek.* Marehemu aliyejulikana kwenye kesi ile alikuwa mmoja tu, naye ni mlinzi. Hapo ndipo Jane alipoingiwa na baridi. Je, kama ni barua ya kuomba msamaha kwa kuua? "Usiifungue ovyo," alimwambia Winifrida kwenye simu. "Na ukiifungua, uwe tayari." Cosmas mwenyewe alikataa kusema kilichomo. Si yangu tena, alisema, ni ya mama.

Duka lilikuwa kona ya pili. Ndani mlikuwa na joto na majora hadi darini. Mwenyewe, Mama Pushpa, mzaliwa wa Tanga, alikuwa amekaa juu ya kigoda na futi ya kupimia shingoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, marahaba! We mtu wa wapi? Mbeya? Aa, basi baridi ya hapa haikusumbui." Alimkagua kuanzia viatu. "Unataka kitenge?"

"Namtafuta Malek. Mzanzibari, mtu mzima sasa. Aliwahi kukaa Marekani."

"Malek wa bafta! Kila mwezi anakuja. Bafta nyeupe, hataki ua, hataki rangi. Na hii hapa." Akatoa kijiboksi chini ya kaunta, akafungua. Vipande vyeupe viling'aa kama barafu, na harufu ikapanda.

Winifrida alisogea, akanusa, akanusa tena. Kwa sekunde chache duka lilimpotea. Aliliona shati lake la ndotoni, karibu kabisa, na safari hii kamba haikusogea.

"Mama, hii si ile dawa ya kabatini?"

"Kabatini!" Mama Pushpa alicheka mpaka miwani ikashuka puani. "Sisi Wahindu tunaiwasha hekaluni, Waislamu wanampaka maiti, wewe unaifungia na makoti! Hii karafuu maiti, dada."

"Na huyo Malek huchana vipande? Vyembamba, virefu?"

"Hapa hapa mbele yangu, kwenye pindo. Vya kufungia sanda. Kichwani, kiunoni, miguuni."

Vitatu. Winifrida alikaa juu ya jora bila kukaribishwa. Anayefua damu hulowa kifua, maana damu hurukia mbele. Shati lile lililowa mikono peke yake, tena hadi viwikoni, sawasawa kulia na kushoto, kama la mtu aliyefanya kazi ya maji kwa adabu. Askari wa kule walinusa wakaandika walichokijua. Wazee wa baraza wakasikia walichokijua. Miaka kumi na mitatu, na katika watu wote walioshika jalada lile hakuna hata mmoja aliyewahi kuingia kwenye nyumba ya Waswahili yenye maiti! Hasira ilimpanda hadi machozi yakamlenga.

"Huosha wapi, mama?"

"Walthamstow, msikiti nyuma ya soko. Nenda sasa hivi, jana kachukua bafta. Na umwambie bei ni ile ile, asininunie."

Sokoni Walthamstow ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye mafungu ya machungwa, na wauzaji waliita wateja wasiowaona. Nyuma ya msikiti kulikuwa na chumba cha vigae na mlango wa bati. Winifrida alipiga hodi. Mtu mrefu, mkondefu, ndevu nyeupe, alikuwa anamwagia sakafu maji kwa mpira, na mvuke ulimzunguka miguuni hata ukadhani hajakanyaga chini.

"Wanawake huosheana mlango wa pili, bibie," alisema bila kugeuka.

"Sijaleta maiti, mzee Malek. Nimeleta mtu hai."

Alizipanga zile kadi kumi na mbili kwenye benchi, moja moja. Mzee alizitazama. Maji yaliendelea kukimbia kwenye kigae, yakizunguka tundu la kutokea.

"Siku ile Cosmas alikuwa na wewe?"

"Siwezi kusema."

"Mlikuwa mnamwosha nani?"

Malek alifunga bomba. Likabaki tone moja moja.

"Nani kakwambia tuliosha?"

"Shati lake."

Mzee alikaa kwenye benchi, pembeni ya kadi zake. Alipoanza kusema, alisema chini chini, na Winifrida hakumkatiza. Marehemu aliitwa Haroub, kijana mwenye asili ya Unguja, alifia hospitali asubuhi ile ile, kwa maradhi ambayo zama zile watu walikuwa hawayataji. Malek alipiga simu kwa Waislamu saba wa mji ule. Wote saba ghafla wakawa na mafua.

"Cosmas tulikuwa tunafanya naye kazi kiwandani. Haroub hakumjua, hata kumwona hakuwahi. Cosmas alinipeleka penye maiti kwa gari lake tu, maana mie sina. Akaniona peke yangu na maiti ya mtu mzima, siwezi kumgeuza. Akavua koti. Nikamwambia, we Cosmas, wewe si mwenzetu. Akaniambia, ndoo iko wapi?"

"Mlianza saa ngapi?"

"Saa tisa, baada ya kuswali alasiri. Tulimaliza magharibi inaingia. Vile vipande vya kufungia alivyonishikia vikabaki mfukoni mwake, nikachana vingine. Gari likakataa kuwaka, akaondoka kwa miguu."

"Mlinzi aliuawa saa kumi na moja."

"Najua! Unadhani sijui?" Sauti ilimpasuka. "Nilisafiri kesho yake baada ya kuzika, kumletea mama wa Haroub sanduku la mwanawe. Habari zilinifikia hapa, mwezi wa pili. Nikasema asiye na kosa watamwachia. Mie kule sikuwa na karatasi, nikirudi nakamatwa. Halafu mwaka ukapita, na aibu ikazaa aibu. Nilimwapisha Cosmas, bibie. Nilimwambia asimwambie mtu yeyote kwamba kamgusa yule maiti. Mama yake ningemwambia nini? Kwamba mwanao kakimbiwa na Waislamu, kasitiriwa na Mkristo? Nikamwambia tulikuwa wawili, mimi na Mbarouk."

"Mbarouk yupi?"

"Hayupo. Nilimtunga kwenye simu."

Winifrida alikumbuka kiburi cha mawakili wa jimbo, akatikisa kichwa. Mtu wa kutungwa kweli alikuwepo, ila walimkosea jina.

"Naye kakaa na kiapo chako gerezani, mzee. Ulimfunga mdomo ukamtumia kadi."

"Usinichome."

"Nakuchoma, ndiyo. Mwosha huoshwa. Siku yako ikifika, nani atakumiminia?"

Malek alijifuta uso kwa mkono wenye maji, ukazidi kulowa. "Mama yake yuko Edmonton," alisema hatimaye. "Bi Lila. Nipeleke kwake kwanza. Bila radhi yake siapi, hata jaji aje hapa kwa miguu."

Wakapanda basi. Mji ulipita dirishani kwa vipande, taa bila nguzo, paa bila nyumba, na Winifrida alisinzia akaota amekalia ndoo anasubiri aitwe. Alizindukana Malek anabonyeza kengele.

Bi Lila alikaa nyumba ya kaunsili, ya kupangishwa na serikali ya mtaa, ghorofa ya chini. Alitoka Unguja msichana wa miaka kumi na saba, mwaka ule wa mapinduzi, na mpaka leo alisema "kwetu" kama kwamba ni mtaa wa pili. Macho yalikuwa na mtoto wa jicho, haoni vizuri, lakini alimjua Malek kwa mwendo.

"Malek, leo Alhamisi, si siku yako. Nani kafa?"

"Hakufa mtu, Bi Lila. Huyu ni Winifrida, mpelelezi."

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mpelelezi! Vueni viatu, zulia nimelifua juzi. Mpelelezi hata mie nilitaka kuwa, wakaniozesha."

Malek hakukaa kwenye kiti. Alikaa chini, miguuni kwa yule bibi, akasema yote, kama yalivyokuwa, bila kujipamba. Alipofika kwenye maradhi alisita. Bi Lila akamwashiria kwa mkono.

"Pita hapo, pita. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Haroub mwenyewe alinambia kwa simu, mwezi mmoja kabla. Miaka yote hii nakuona unavyoruka neno, nami nakuachia uruke."

Lakini alipofika kwa Mbarouk, bibi alikauka. Kijiko cha chai alichokishika kilitulia hewani.

"Hayupo?"

"Hayupo, Bi Lila."

"Ulinidanganya mie msibani?"

"Nilikudanganya."

Bi Lila aligeuza uso ukutani. Nje ukungu ulikuwa umebandika kioo chote, na chumba kilielea ndani yake. Kule Marekani ilikuwa asubuhi. Cosmas alikuwa anaamka, na jaji labda anakunywa kahawa.

"Kila alfajiri," alisema Bi Lila, bado ukutani, "kila alfajiri, Malek, baada ya kumwombea mwanangu, namwombea Mbarouk. Nasema, ewe Mola, yule aliyemsitiri mwanangu msitiri na yeye. Miaka kumi na mitatu. Dua zote hizo umenifanya nizipeleke kwa mtu asiyekuwepo, na mwenyewe amekaa jela!"

Malek alilia bila sauti, kama wanavyolia wanaume wa umri wake.

Winifrida aliona huu ndio wakati, ukipita hautarudi. Alitoa ile bahasha, akaiweka mezani, akaipiga picha mbele na nyuma, muhuri ukionekana mzima. Halafu akatoa karatasi tupu.

"Bibi, barua hii imeandikiwa mama wa marehemu. Sijui kilichomo. Nakwambia kweli, huenda marehemu mwenyewe ni mwingine, na ikiwa hivyo Cosmas amekwisha. Kabla sijaifungua, naomba uniambie kitu kimoja. Mwili wa mwanao ulikuwa na alama yoyote, ambayo mtu hawezi kuijua asipomwona bila nguo?"

Bi Lila alifikiri. Halafu tabasamu dogo likaja, la zamani.

"Mguu wa kushoto, vidole sita. Akiona haya, tangu mdogo. Pwani anakwenda na soksi, watoto wanamcheka, yeye na soksi zake."

"Mzee Malek, Cosmas ulimwambia habari hiyo?"

"Wallahi sikumwambia. Na mwenyewe Haroub hakumjua."

Winifrida aliandika maneno ya bibi, tarehe, na saa: nane na dakika ishirini mchana. Bi Lila akatia sahihi kwa kupapasa, Malek akatia ya shahidi. Ndipo Winifrida akachukua kisu cha matunda, akakata upande wa bahasha ili muhuri ubaki mzima. Karatasi ilikuwa moja.

"*Mama, shikamoo,*" alisoma. "*Hunijui, naitwa Cosmas. Naomba msamaha wako.*"

Aliishusha karatasi mezani.

"Soma," alisema Bi Lila.

"*Mimi ni Mkristo na nilimgusa mwanao Haroub bila ruhusa yako. Kuosha aliosha Malek. Mimi nilimimina maji na kumgeuza tu. Nilitia maji ya vuguvugu, sio ya baridi. Malek alipokwenda kufuata sanda nilibaki naye peke yangu, nikaona kidole chake cha sita, mguu wa kushoto, kimejikunja chini ya vingine. Nikakinyoosha, nikakiweka sawa na wenzake. Hayo sijamwambia mtu na sitamwambia. Nakwambia wewe kwa kuwa ni mama, ujue hakulazwa ovyo.*"

Winifrida alikuwa mpelelezi, na hata machozi yakimtoka akili yake ilipanga: Haroub alikufa asubuhi, Cosmas alikamatwa usiku ule ule na hajatoka tena. Hawakuwahi kuonana akiwa hai. Kidole kile angekiona saa ngapi, na wapi, kama si pale, jioni ile? Na muhuri wa gereza lenyewe ndio ulioyafungia maneno hayo tangu 1998. Jimbo lilijilindia ushahidi bila kujua.

Bi Lila alinyoosha mkono. Akapewa ile karatasi, asiyoweza kuisoma, akaipapasa kuanzia juu hadi chini.

"Maji ya vuguvugu," alisema. Halafu: "Hebu nitajie tena jina lake. Polepole, nilishike."

"Cosmas. Cosmas Telesphor."

Aliinua viganja, midomo ikamchezacheza, jina likatoka mara ya kwanza kwa kujikwaa, mara ya pili likanyooka. Alipomaliza alijipangusa uso, akamsukumia Malek kalamu kwa kidole kimoja.

"Sijakusamehe bado," alimwambia. "Radhi yangu unayo kwa hili tu. Inuka chini hapo, ukae mezani, umwandikie huyo jaji. Na safari hii, Malek, jina uliandike la kweli."